Saladi ya kuku kwa chakula cha usiku: Ipi iandaliwe Alasiri, ipi isubiri Isha

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na mwambao kwa jumla hupata taabu ya kula chakula cha moto. Joto la mchana hufika nyuzi 32 na wakati mwingine huzidi, na usiku nao haupoi kiasi cha kumpa mtu hamu ya kula. Baba anarejea kutoka kazini, anawekewa ugali na mchuzi unaofuka mvuke, anamega matonge matatu na kunawa. Watoto nao hawataki kitu ila juisi na barafu. Ndiyo maana saladi ya kuku imeingia katika nyumba nyingi. Inashibisha, haichoshi mdomo, na mama hakai mbele ya moto jioni nzima.

Hata hivyo, saladi ni chakula kinachohitaji uangalifu kuliko mchuzi. Mchuzi ukiingiwa na uchafu wakati wa kuandaa, bado una safari ya kurudi motoni, na moto husafisha mengi. Saladi haina safari hiyo. Kinachoingia ndani yake kutoka kwenye kisu, kwenye ubao, kwenye kidole au kwa nzi, kinabaki humo humo mpaka kinywani mwa mtoto. Hivyo basi, katika somo hili tutaeleza vipimo, lakini tutakaa zaidi kwenye mpangilio wa kazi na hesabu ya saa, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi zinapougulia.

Mahitaji kwa watu sita

Kuku mmoja wa kilo moja na nusu. Viazi mviringo nusu kilo. Dengu kikombe kimoja, ziwe zimelowekwa tangu usiku. Mayai manne. Karoti mbili, matango mawili, pilipili hoho moja, nyanya tatu ngumu, kitunguu maji kimoja na fungu moja la majani ya saladi. Yakikosekana, robo ya kabichi inatosha. Kwa mchuzi wa saladi: mtindi mzito kikombe kimoja, ndimu mbili, punje mbili za kitunguu saumu, mafuta ya zeituni au ya alizeti vijiko viwili vya chakula, pilipili manga, majani ya giligilani na chumvi kidogo.

Dengu na viazi ndivyo vinavyoifanya saladi hii iwe chakula kamili na si kachumbari ya pembeni. Mwenye kisukari apunguze viazi na aongeze dengu, kwani dengu humeng'enywa taratibu na hazipandishi sukari kwa haraka. Mwenye shinikizo la damu aache chumvi ya kwenye mtindi kabisa, ndimu na saumu vitampa ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho ni cha vyakula vyote vya siku nzima.

Kuku

Tuanze sokoni. Kuku anayeuzwa akiwa tayari amenyonyolewa, kwa bei iliyo chini mno kuliko ya wenzake, aulizwe habari zake. Kuku aliyekufa kwa mdondo au ugonjwa mwingine kabla ya kisu ni kibudu, na hukumu yake inajulikana. Kiafya pia nyama yake haifai. Damu haikutoka, hivyo huoza upesi, na hakuna ajuaye alikufa na nini wala alikaa saa ngapi juani. Tazama ngozi. Ikiwa na mabaka mekundu meusi, na shingo ikiwa na jeraha kavu lisilo na dalili ya damu kumwagika, usinunue. Aliye bora ni yule unayemwona akiwa hai na akachinjwa mbele yako, ila hapo pana jambo la pili: yale maji ya moto ya kunyonyolea manyoya. Katika masoko yetu pipa moja hutumbukizwa kuku kwa makumi bila kubadilishwa maji, na uchafu wa tumbo la mmoja hupakwa ngozi za wote. Kwa hiyo kuku yeyote mbichi uhesabu kuwa amebeba bakteria, hata kama anaonekana mweupe safi. Wanaotajwa zaidi na wataalamu ni salmonela na kampilobakta, ambao huishi ndani ya matumbo ya kuku bila ya kumuumiza kuku mwenyewe.

Hapa inakuja ile mas'ala ya kuosha kuku. Huko Uingereza, mwaka 2014, Wakala wa Viwango vya Chakula aliendesha kampeni ya kuwataka watu waache kabisa kuosha kuku mbichi, kwa sababu matone ya maji huruka na kupeleka bakteria kwenye vyombo, meza na mboga zilizo karibu. Hoja yao ni sahihi, maana bakteria hawaondoki kwa kuoshwa, huuawa kwa moto. Lakini wao hununua kuku aliyekwisha safishwa kiwandani. Kuku wetu huja na manyoya, damu na mabaki ya utumbo, na sijaona mama wa Kariakoo au wa Darajani atakayekubali kumtia sufuriani hivyo hivyo. Basi ikiwa lazima umwoshe, usimweke chini ya bomba. Mtie ndani ya beseni la maji yaliyotulia, umsafishe polepole mkono ukiwa ndani ya maji, maji yamwagwe taratibu, kisha beseni, sinki na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mboga zisiwepo karibu wakati huo.

Kuku wa friza ayeyushwe kwanza hadi katikati. Aachwe kwenye sehemu ya chini ya friji usiku kucha, akiwa ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kumwanika juu ya meza ya jikoni au juani ni kosa, kwani ngozi huanza kupata joto na kuzalisha bakteria ilhali kifua bado ni barafu. Na anayepikwa akiwa nusu barafu, nje ataiva na ndani ya paja atabaki mbichi.

Mkate vipande vinane, mtie maji ya kumfunika, tangawizi iliyopondwa, saumu na chumvi kidogo. Kuku wa kisasa huiva kwa dakika 35 hadi 40 tangu maji yaanze kuchemka. Wa kienyeji huchukua saa moja na nusu, na jogoo mzee ana saa zake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka katikati ya nyama ifike walau nyuzi 70. Sisi tusio na kipimajoto jikoni tuchome kisu kwenye maungio ya paja: maji yanayotoka yawe meupe yasiyo na wekundu, na nyama iachie mfupa bila kuvutwa. Supu yake usiimwage, tutaihitaji.

Wengine hudhani kwamba kuku akikamuliwa ndimu nyingi huwa ameiva nusu. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama na harufu yake, haifanyi kazi ya moto.

Mboga, na kisu kimoja

Jikoni mwetu mara nyingi pana kisu kimoja kizuri na ubao mmoja, kama upo. Ushauri wa kuwa na mbao mbili, moja ya nyama mbichi na nyingine ya mboga, ni mzuri kwa mwenye uwezo. Asiye nao abadilishe mpangilio: kata mboga zote kwanza, zifunike na kuziweka mbali, kisha ndipo umlete kuku mbichi. Akitangulia kuku, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, si kufutwa kwa kile kitambaa kilichoshikia sufuria tangu asubuhi. Kitambaa cha jikoni chenyewe kinahitaji kuchemshwa mara kwa mara na kuanikwa juani. Kikikaa na unyevu siku nzima kwenye joto la kaskazi, kinakuwa shamba la wadudu.

Majani ya saladi yanataka uangalifu wa pekee. Mboga nyingi za majani tulazo mijini hulimwa mabondeni, kando ya mito kama Msimbazi, inayopita katikati ya makazi na viwanda na kupokea maji machafu. Ugonjwa wa kipindupindu, kama ule uliozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi, husafiri kwa maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi, na mboga mbichi ni moja ya njia zake. Mayai ya minyoo nayo hunata kwenye mikunjo ya majani. Kwa hiyo achanisha jani moja moja, lioshe pande zote mbili kwa maji yanayotiririka, kisha lisuuze mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuloweka kwenye maji ya chumvi hutoa konokono na wadudu wanaoonekana, lakini hakuui vijidudu. Karoti na tango zioshwe kabla ya kumenywa, si baada, maana kisu hubeba udongo wa ganda na kuuingiza ndani.

Kama huna uhakika na majani yalikotoka, yaache. Kabichi iliyoondolewa majani manne ya juu, au maharage mabichi yaliyochemshwa na kukatwa vipande, yatajaza nafasi.

Viazi vichemshwe na maganda, vimenywe vikipoa kidogo na kukatwa vipande. Dengu zilizolowekwa huiva kwa saa moja hivi. Mayai yachemke dakika 10 hadi 12, kiini kiwe kigumu.

Mtindi au mayonezi?

Watu wengi wakiumwa baada ya saladi huilaumu mayonezi. Ile ya chupa mara nyingi inaonewa. Imetiwa siki na mayai yake yamepitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, na ule ukali huwazuia bakteria kuzaliana. Vinavyoharibika kwenye bakuli ni kuku na viazi, na mayonezi ikichanganywa navyo haiwezi kuvilinda. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu ina mayai mabichi, na salmonela huweza kuwamo ndani ya yai lenye ganda zima kabisa. Wajawazito, wazee na watoto wadogo wasipewe.

Tumependelea mtindi kwa sababu ni rahisi, una mafuta machache na upo kila duka. Uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Saga saumu, changanya na mtindi, maji ya ndimu, mafuta, pilipili manga na giligilani. Mafuta yasiachwe kwa kuogopa unene, kwani ile rangi ya chungwa ya karoti, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo. Uwekwe kwenye friji peke yake hadi wakati wa kula.

Baina ya Alasiri na Isha

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Katika nyumba nyingi kazi ya jikoni huanza baada ya Alasiri, yaani saa 10 jioni, ili Magharibi iwakute akina mama wameshamaliza. Chakula huliwa baada ya Isha, saa 2 usiku na dakika zake, watu wakisharudi msikitini. Kwa wali na mchuzi utaratibu huu hauna tatizo kubwa, sufuria huachwa juu ya mkaa hafifu. Saladi iliyochanganywa saa 10 na kuachwa mezani, hata ikiwa imefunikwa kawa zuri, hukaa saa nne katika joto la nyuzi 30.

Fanya hesabu. Bakteria akipata joto, unyevu na chakula, anaweza kugawanyika mara mbili kila dakika 20. Mmoja anakuwa wanane baada ya saa moja, 64 baada ya saa mbili, 512 baada ya tatu, na baada ya saa nne wamefika 4,096. Wakianza 100, watu wanaporudi kutoka Isha wanakuta zaidi ya laki nne, na saladi haijabadilika rangi, harufu wala ladha. Ndiyo sababu wataalamu wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na Wamarekani wameipunguza kuwa saa moja pale joto linapozidi nyuzi 32. Bakteria hustawi baina ya nyuzi 5 na 60. Juu ya hapo hawazaliani, chini ya hapo wengi hulala.

Kufunika vyombo ni mafunzo ambayo kila aliyepita madrasa ameyasikia, na faida yake kwa nzi, vumbi na mende haina shaka. Lakini kifuniko hakizuii wale ambao wamekwishaingia.

Mwenye friji afanye hivi. Kuku akishaiva, atolewe kwenye supu na kutandazwa kwenye sinia pana, asirundikwe. Sinia liwekwe juu ya beseni la maji yenye barafu, na mvuke ukiisha aingie friji, yote hayo ndani ya saa moja. Ile imani kwamba chakula chenye uvuguvugu kitaharibu friji ndiyo inayowafanya wengi wamwache kuku jikoni mpaka Magharibi. Kinacholemea friji ni sufuria kubwa ya moto. Nyama iliyotandazwa haina uzito huo. Viazi, dengu na mayai viwekwe vyombo tofauti humo humo. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji lililofungwa huhifadhi ubaridi wake kwa muda wa saa nne hivi. Ukizidi hapo, kuku arudishwe kwenye supu na kuchemshwa, na saladi iahirishwe.

Asiye na friji asidhani kwamba somo hili limempita. Njia yake, kwa maoni yangu, ni tamu zaidi. Kuku abaki ndani ya supu yake juu ya moto mdogo, supu ikiwa inafuka mvuke muda wote, pamoja na viazi na dengu kwenye sufuria nyingine ya moto. Mtindi ununuliwe ukiwa baridi jioni hiyo hiyo. Mboga zilizooshwa na kukatwa ziwe zimefunikwa mahali pa baridi. Watu wakirudi Isha, kuku atolewe, anyambuliwe na kumwagwa juu ya mboga akiwa moto, mtindi umiminwe juu, na sinia liende moja kwa moja mkekani. Moto wa nyama na ubaridi wa tango hukutana mdomoni, na hakuna saa hata moja ya kungoja.

Kwa wote wawili, mwenye friji na asiye nayo, kuchanganya ni kazi ya mwisho kabisa. Dakika kumi zinatosha.

Mikono

Kunyambua kuku hufanywa kwa vidole, na nyama hiyo haitarudi motoni. Kwenye pua na ngozi za watu wengi, na zaidi kwenye majipu na vidonda vya vidole, huishi bakteria aitwaye stafilokokasi. Akiangukia kwenye kuku aliyepoa hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikichemshwa tena. Ndiyo inayosababisha familia nzima kutapika ndani ya saa chache baada ya kula. Kwa hiyo mwenye kidonda kidoleni, au mwenye kuharisha, asishike kazi hii usiku huo hata kama ndiye mpishi hodari wa nyumba. Wengine watumie uma mbili, au mikono iliyooshwa kwa sabuni hadi chini ya kucha.

Aidha, tukila sinia moja tunawe kwa maji ya kumiminiwa na sabuni. Bakuli moja linalozunguka, watu wanane wakichovya humo humo, huchukua uchafu wa wa kwanza na kumpa wa mwisho, na wa mwisho kwa kawaida ni mtoto.

Kinachobaki

Saladi iliyokwisha changanywa na kukaa sinia isiwekwe kwa ajili ya kifungua kinywa wala isifungiwe watoto kwenda nayo shule. Bora kuchanganya kidogo na kuongeza. Kuku asiyechanganywa, akiwa friji, hufaa kesho yake kwa pilau au mchuzi, atakapochemka tena. Supu ichujwe na ichemshwe hadi itokote kabla ya kunywewa asubuhi.

Ikitokea mtoto ameanza kuharisha au kutapika, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Pakiti ikikosekana usiku, lita moja ya maji yaliyochemshwa itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anyonyeshwe kama kawaida. Asipewe dawa ya kufunga tumbo wala vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini. Akiwa na damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyozama, usingizi usio wa kawaida, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe hospitali usiku huo huo.